Kikasha cha visikizi kinaposumbua: anza na kifuniko, betri iwe ya mwisho

Motari mmoja alisimama mbele ya meza yangu hapa Birere, Goma, pikipiki bado inanguruma, akanipa kikasha cha kuchajia visikizi vya Bluetooth, ambacho zamani kilikuwa cheupe. "Fundi, hii kitu imekufa betri. Uniwekee ingine, niko na haraka."

Nilikifungua, nikakifunga, nikakigeuza juu chini na kukitikisa karibu na sikio. Kifuniko kilikuwa kinalia tak, tak, kama mlango wa kibanda usio na komeo. Nikamwomba aniachie hadi kesho. Nilikichaji mpaka taa zote nne zikawaka, nikatia visikizi ndani, nikakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ili kifuniko kisicheze, nikakilaza kwenye droo. Kesho yake taa zote nne zilikuwa zinawaka bado. Betri ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni kipini cha bawaba, kijichuma chembamba kisichofika urefu wa njiti ya kiberiti. Kilikuwa kimechomoka upande mmoja, kifuniko kikawa kinakaa kombo, visikizi vikawa havijui kama vimefungiwa au la. Usiku kucha vilikuwa vinatafuta simu, na kikasha kinavijaza tena na tena mpaka chenyewe kinakauka. Asubuhi mwenye mali anakuta sifuri, analaumu betri.

Nimeandika maelezo haya kwa ajili ya watu kama yeye, kwa sababu naona pesa zikipotea bure. Mtu ananunua kikasha kingine, au anamlipa fundi abadilishe betri isiyo na kosa, na tatizo linabaki palepale. Mpangilio ninaoufuata ni huu: kifuniko kwanza, kisha mahali kisikizi kinapogusana na kikasha, kisha tundu la kuchajia na waya, na betri mwisho kabisa. Sababu ni rahisi. Vitatu vya kwanza unaweza kuvichunguza bila kufungua chochote. Betri haifikiwi bila kupasua plastiki, na ukiteleza na bisibisi unaweza kuwasha moto.

Kilichomo ndani

Kikasha cha kawaida kina betri ya lithiamu ya mAh 300 hadi 500 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), na kila kisikizi kina betri yake ndogo ya mAh 30 hadi 60 hivi. Chini ya kila shimo kuna pini mbili au tatu zenye springi. Hizo ndizo zinazopeleka umeme kwenye vibati vya kisikizi. Pembeni kuna sumaku inayokivuta kisikizi kikae sawasawa. Sumaku nyingine imefichwa kwenye kifuniko, na inapokutana na ubao wa saketi kuna kitambuzi kidogo kinachoihisi: ikikaribia, kinajua kifuniko kimefungwa, ikienda mbali, kinaamsha visikizi vitafute simu.

Kiwanda kinapotaka kupunguza gharama, hakipunguzi taa wala rangi, maana hivyo mnunuzi anaviona dukani. Kinapunguza pale ambapo jicho halifiki: bawaba inakuwa ya plastiki tupu, dhahabu juu ya pini inapakwa kama moshi, tundu la kuchajia linashikiliwa na risasi ya kulehemu peke yake bila miguu ya kulikaza, na sumaku inabandikwa kwa tone moja la gundi. Dalili nyingi nitakazozieleza chini zinarudi kwenye mojawapo ya hayo manne. Anayechonga chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma anajua itabeba magunia ya makaa na kushuka nayo mlima, kwa hiyo anaitafutia mti mgumu. Kikasha nacho kinafunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku, na aliyekitengeneza alijua hivyo.

Chaji inaisha kikiwa mfukoni, au sauti ya simu inapotea

Dalili hii ina sura mbili. Ya kwanza ni ile ya motari: unalala kikasha kimejaa, unaamka kiko tupu. Ya pili inawachanganya watu zaidi. Mama yako anakupigia, unapokea, unasema "alo, alo," humsikii wala hakusikii. Simu imeunganishwa na visikizi vilivyo kwenye begi, na sauti yote inaishia humo. Watu wengi wananiletea simu wakidhani spika imeharibika.

Fanya jaribio hili. Fungua ukurasa wa Bluetooth kwenye simu, weka visikizi ndani ya kikasha, kisha ufunge kifuniko polepole huku ukitazama simu. Ndani ya sekunde chache muunganisho unapaswa kukatika. Sasa shika kifuniko kwa vidole viwili ukisukume kushoto, kulia, mbele, nyuma, bila kukifungua. Visikizi vikijiunga tena na simu wakati unasukuma, umepata mgonjwa wako. Kumbuka kuwa vikasha vya bei ya chini kabisa havina kitambuzi cha kifuniko. Visikizi vyake vinajizima vikigusa pini tu. Utavitambua kwa sababu muunganisho unakatika mara tu unapoviweka ndani, hata kifuniko kikiwa wazi. Kama chako ni cha aina hiyo, ruka hapa, nenda sehemu ya kisikizi kimoja.

Jaribio la pili ni lile la mpira. Chaji kikasha kijae, kifunge kwa mpira kikaze vizuri, kiache usiku mzima. Taa zikibaki zilivyokuwa, inayomaliza chaji usiku si betri. Naomba usiliruke jaribio hili hata ukiwa na haraka, kwa sababu halina gharama na ndilo linalotenganisha shida ya kifuniko na shida ya betri.

Ukishajua ni kifuniko, tazama bawaba kwenye mwanga wa mchana, si wa taa ya simu, maana ufa mwembamba hujificha kwenye mwanga wa karibu. Kuna mambo matatu unayoweza kukuta.

Kipini kimechomoka au kimepotea. Hiki ndicho rahisi. Waya wa kibanio cha karatasi una unene wa karibu milimita moja, na mara nyingi unaingia kwenye tundu la bawaba kama uliumbwa kwa ajili yake. Unyooshe kwa koleo, uukate uwe mfupi kidogo kuliko upana wa bawaba, uusukume ndani, kisha uzibe ncha mbili kwa kitone cha gundi kilichochukuliwa na kijiti cha meno. Usitumie sindano ya kushonea. Ni ngumu lakini inakatika, na ikikatikia ndani haitoki tena.

Sikio la bawaba limepasuka. Hapa supa gluu peke yake haidumu, kwa sababu plastiki pale ni nyembamba mno. Weka tone kwenye ufa, unyunyizie soda ya kuokea juu yake; mchanganyiko huo unakuwa mgumu kama jiwe papo hapo. Usugue kwa msasa laini. Lakini fahamu tabia ya gundi hii: inapenda kutambaa. Ukiweka nyingi inaingia ndani ya bawaba na kufunga kifuniko kisifunguke kamwe, na mvuke wake unaacha utando mweupe juu ya pini. Toa visikizi kwanza, na ukimaliza acha kikasha wazi kipigwe upepo kwa muda mrefu. Usijaribu kulainisha kosa kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Ikiwa ina asetoni inayeyusha plastiki yenyewe.

La tatu ndilo linalowakosesha hata mafundi: sumaku ya kifuniko imebanduka. Unaisikia ikicheza ndani, au unaikuta imenata kwenye mdomo wa kikasha. Mtu anaipaka gundi, anairudisha, na kuanzia hapo kifuniko kinakataa kufunga, kinasukumwa juu kama kuna kidole ndani. Ameiweka kichwa chini. Kabla ya gundi, iache sumaku ijitafutie upande wenyewe: ikaribishe kwenye mwenzake wa chini, sumaku iliyo kwenye mdomo wa kikasha, itageuka na kunata, hapohapo chora alama ya kalamu upande unaotazama juu. Alama hiyo ndiyo inayoingia kwenye kifuniko. Niliwahi kurudisha sumaku kinyume kwenye kikasha cha binti mmoja wa Majengo na nilitumia asubuhi nzima kuing'oa. Tangu siku hiyo sigusi gundi kabla ya kalamu.

Kisikizi kimoja kinachaji, kingine hakichaji

Hapa Goma ina sababu yake ambayo maelezo ya kiwandani hayataji. Mji wetu umekaa juu ya lava. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mwaka 2021 lava ikasimama pembezoni, upande wa Buhene. Tunajenga kwa mawe yake, tunatembea juu yake, na magari yanaisaga kila siku ikawa vumbi jeusi linaloingia kila mahali. Vumbi hilo lina chembe zenye madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Ukitaka kuamini, chukua sumaku ya spika ya zamani, ivingirishe kwenye karatasi, ipitishe juu ya mchanga mweusi wa njiani. Itarudi na ndevu.

Sasa fikiria kikasha kilichojaa sumaku, kikikaa kwenye mfuko wa koti la mtu anayepita kila siku barabara ya Ndosho. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukikuza picha, utazame chini ya shimo la kisikizi. Utaona nywele fupi nyeusi zimesimama wima kuzunguka mahali sumaku ilipo, kama manyoya ya kiwavi. Nywele hizo zinakiinua kisikizi kiasi kidogo sana, lakini springi ya pini nayo inasukuma umbali mdogo sana, chini ya milimita moja kwa kawaida. Pini inabaki hewani. Kisikizi kimekaa, kinaonekana kimekaa, na hakipati hata tone la umeme.

Kupuliza hakusaidii. Sumaku inashikilia vumbi lake, na pumzi yako ina unyevu. Kitambaa nacho kinalisukuma tu kutoka upande huu hadi ule. Kinachofanya kazi ni utepe wa skochi: kata kipande chembamba, kikunje gundi ikiwa nje, kibandike juu ya ncha ya kijiti, gusa vumbi, inua, tupa. Rudia kwa kipande kipya mpaka utepe utoke safi. Fanya hivyo kwenye kisikizi pia, maana nacho kina sumaku, na wavu wake wa spika unakusanya vumbi hilohilo likichanganyika na nta ya sikio.

Ukimaliza vumbi, njoo kwenye uchafu unaonata. Jasho lina chumvi. Chumvi, unyevu na umeme vikikutana juu ya shaba iliyopakwa dhahabu nyembamba, dhahabu inachubuka na shaba inaota kutu ya kijani. Nunua alkoli ya digrii 90 kwenye duka la dawa. Ya 70 inafaa pia lakini ina maji zaidi, kwa hiyo subiri ikauke vizuri. Lowesha kijiti chenye pamba, kikamue, kisha usugue pini na vibati vya kisikizi taratibu. Pafyumu haifai na petroli usiifikirie kabisa. Kifutio cha penseli kinaondoa kutu, lakini kinaondoa na dhahabu iliyobaki, kwa hiyo kiache kwa siku ambayo hakuna njia nyingine.

Kisha bonyeza kila pini kwa kijiti cha meno. Inapaswa kuzama na kurudi juu. Inayobaki chini imekwama kwa uchafu. Tone la alkoli na kuibonyeza mara kadhaa huirudisha. Inayorudi nusu ina springi iliyochoka, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Kama vyote ni safi na bado kisikizi hakichaji, kiweke ndani ukibonyeze kwa kidole huku ukitazama taa. Taa ikiwaka ukiwa umebonyeza na kuzima ukiachia, umeme upo, kinachokosekana ni mkandamizo. Angalia vimpira vya masikio: watu wengi wananunua vikubwa kuliko vya asili ili visianguke kwenye pikipiki, na vimpira hivyo vinagonga ukuta wa shimo. Virudishe vya asili ujaribu tena. Kama havihusiki, kipande cha sponji chembamba kikibandikwa ndani ya kifuniko juu ya kisikizi hicho kinaongeza mkandamizo wa kutosha. Lakini kikiwa kinene mno kifuniko hakifungi, na unarudi kwenye tatizo la kwanza.

Taa isipowaka hata ukibonyeza kwa nguvu, na kisikizi cha pili kinachaji vizuri, basi betri ya kisikizi chenyewe inaweza kuwa imechoka. Wanaotumia sikio moja tu kwa kupokea simu hukumbana na hili mapema, kwa sababu upande mmoja unafanya kazi ya pande mbili. Badilisheni sikio mara kwa mara.

Kikasha hakipokei chaji kabisa

Kabla ya kukigusa, badilisha waya. Nasema hivyo kwa uzito kwa sababu ya kosa moja la kiwandani ambalo limekuwa la kawaida sana. Waya wenye kichwa cha C (USB-C) pande zote mbili hautoi umeme mpaka chaja itambue kwamba upande wa pili kuna kifaa. Kifaa kinajitambulisha kwa rezista mbili za kilo-omu 5.1 zilizo nyuma ya tundu lake. Ni vitu vidogo kama punje ya mchanga na bei yake ni karibu na bure, lakini viwanda vingi vya vikasha vya bei ya chini vinaviacha. Matokeo yake, ukichomeka chaja mpya ya simu yenye C kwa C, kikasha kinakaa kimya kama maiti. Ukichomeka waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, kinawaka mara moja, kwa sababu tundu hilo pana linatoa volti 5 bila kuuliza. Ikiwa chako ni hivyo, hakijafa. Kina kasoro ya kuzaliwa. Kitunzie waya wake wa kichwa kipana na usiutupe.

Kama waya wa kichwa kipana nao haukiamshi, tazama ndani ya tundu. Vumbi letu linakandamizwa humo na kichwa cha waya mpaka linakuwa kama matofali. Lichokonoe kwa kijiti cha meno cha mti, kilichochongwa kiwe bapa, kikasha kikiwa hakijachomekwa popote. Sindano au pini ya chuma inaweza kukunja ulimi wa katikati ya tundu, na ulimi huo ukikunjika hakuna kurudi.

Kisha chomeka waya, usogeze kidogo juu na chini. Taa ikiwaka na kuzima kwa kufuata mkono wako, tundu limeachana na saketi. Hili ni lile tundu lisilo na miguu ya kulikaza. Fundi anaweza kulilehemu upya na kulipakia gundi ngumu pembeni, lakini mwambie afanye hivyo mapema: ukiendelea kuushikilia waya kwa jiwe au kuupinda ili uchaji, utang'oa njia za shaba kwenye ubao, na hapo kazi ya dakika 15 inakuwa ya nusu siku.

Lipo jambo la umeme wetu. Unakatika, unarudi kwa kishindo, unapanda, unashuka, na wengi tunachaji kwenye vibanda au moja kwa moja kwenye paneli za jua. Simu nzuri ina ulinzi wa kutosha. Kikasha cha bei ya chini mara nyingi hakina. Kinahitaji volti 5 na mkondo mdogo tu, nusu ampia inakitosha. Chaja ya zamani ya simu ndogo, iliyo nzima, inakifaa kuliko chaja bandia iliyoandikwa wati nyingi. Na umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke.

Kikasha kilichokaa miezi bila kutumika kinaweza kuonekana kimekufa kumbe ulinzi wa betri umejifunga. Kiache kwenye chaja nzuri nusu saa hivi, mbele ya macho yako. Kikiamka, vizuri. Kisipoamka, usijaribu ujanja wa kuishtua betri kwa waya kutoka betri nyingine, ambao nimeuona sokoni. Seli ya lithiamu iliyoshuka chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu imeharibika ndani, na kuilazimisha kupokea chaji ni hatari.

Taa zinaonyesha 100, dakika chache baadaye 20

Vikasha vingi havihesabu umeme unaoingia na kutoka. Vinapima volti tu na kukisia. Seli mpya inashuka taratibu kutoka volti 4.2, seli iliyochoka inaonyesha 4.2 ikiwa imepumzika, halafu inaporomoka ikianza kufanya kazi. Kwa hiyo tarakimu zinazoruka ni ishara ya kweli kwamba betri imezeeka, mradi umeshapita majaribio ya juu.

Kuhusu maandishi makubwa ya mAh kwenye boksi, tumia mzani wa jikoni. Seli ya lithiamu ya mAh 1000 ina uzito wa gramu 20 hivi. Kikasha kizima chenye gramu 35 hakiwezi kubeba mAh 2000, hata kiandikwe kwa dhahabu.

Joto, harufu, au kikasha kinaachana kwenye maungio

Hapa simama. Kikasha kikiwa vuguvugu wakati wa kuchaji ni kawaida. Kikiwa cha moto hata huwezi kukishika kiganjani, chomoa. Kikianza kufunguka kwenye mstari wa maungio bila kuanguka, au kifuniko kikaacha kufunga kwa sababu tumbo la chini limejaa, betri imevimba kwa gesi. Usiibonyeze irudi, usiitoboe itoke hewa. Kitoe nje ya nyumba, kiweke juu ya mawe au mchanga mbali na vitu vinavyoshika moto, na usikitupe kwenye taka, kwa sababu taka zetu huchomwa. Mpelekee fundi anayejua betri, ukimwambia waziwazi kwamba imevimba.

Betri iliyochoka bila kuvimba inaweza kubadilishwa, na tunabadilisha. Juu ya seli kuna namba kama 602030: maana yake unene wa milimita 6.0, upana 20, urefu 30. Andika namba hiyo kabla ya kutafuta nyingine; seli nene kuliko ya asili itakandamizwa na plastiki, na seli iliyokandamizwa haina usalama. Hakikisha mpya ina kibao chake cha ulinzi chini ya utepe wa njano. Pima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, upande wa chanya, usiamini rangi ya waya peke yake.

Kinachoniumiza katika kazi hii ni gundi ya kiwandani inayofunga plastiki ya kikasha. Seli ndogo za aina hii kwa kawaida zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kule upande wa Kolwezi. Watu wetu wanaitoa ardhini kwa jasho, inazunguka dunia, inarudi Birere ndani ya plastiki iliyogundishwa ili isitengenezeke, na baada ya mwaka inatupwa. Inawezekana kufanya vingine: mwaka 2024 kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa visikizi ambavyo betri za visikizi vyenyewe na za kikasha zinabadilishwa na mwenye navyo. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria inayotaka, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji. Natamani bidhaa zinazofuata sheria hiyo zifike na kwetu.

Kabla hujalipa

Majaribio yote ya juu yanaweza kufanywa kwenye meza ya muuzaji, isipokuwa lile la usiku. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Funga kikasha, kitikise karibu na sikio: kisilie. Kifungue, kigeuze juu chini na visikizi vikiwa ndani: visianguke. Shika kifuniko kikiwa wazi, kisukume pembeni. Kikicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi kitakuwa kama cha yule motari. Beba waya wako wa C kwa C na chaja yake, uombe sehemu ya kuchomeka. Muuzaji akikataa usichomeke, shukuru, songa meza inayofuata. Akikubali na kikasha kikakaa kimya, mwombe waya wa kichwa kipana. Kikiwaka kwa huo, sasa unajua kasoro yake, na mnaweza kuongea bei mkiwa wote mnajua mnachouziana. Kisha mkubaliane siku tatu za kujaribu, aandike tarehe kwenye boksi kwa mkono wake, ili usiku huo ukakifunge mpira ukione kinavyoamka.